Paka wa Olympic aendapo kwa daktari wa meno

Panda matatu ya nambari 8 kutoka katikati ya jiji la Nairobi, ukae mpaka makanga atangaze mwisho wa safari, nawe utajikuta Olympic. Upande mmoja wa barabara ya Kibera Drive pana nyumba za mawe, nyingine za orofa. Upande wa pili ardhi inateremka kuelekea Gatwekera na reli ya zamani ya Kisumu, bati likigusana na bati. Katikati ipo Shule ya Msingi ya Olympic, iliyosifika mno kwa matokeo ya mtihani wa KCPE hata elimu ya bure ilipoanza Januari 2003 wazazi wakafurika langoni kutoka kila pembe ya Kibera.

Kuna wakazi wengine wa Olympic ambao hawaandikwi sana magazetini, nao ni paka. Palipo na vibanda vya chakula, mitaro iliyo wazi na taka zilizokawia kuzolewa, panya hawakosi, na palipo na panya, paka ana kazi. Huku Makina, kwa majirani Waislamu, paka ana heshima ya ziada. Wengi wanamkumbuka Abu Hurayra, sahaba wa Mtume, ambaye jina lake lina maana ya baba wa kipaka. Kwingineko paka ni mfanyakazi tu. Halipwi mshahara, na akiugua hana likizo. Asiyeweza kutafuna hutiwa guniani jioni na kuachwa karibu na soko, eti atajitafutia.

Hatima hiyo ilikuwa ikimngoja Kibiriti, paka dume mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi michache, wa familia moja ya hapo Olympic. Mama wa nyumba huuza mitumba soko la Toi. Binti yake yuko sekondari, na paka ni wa binti. Kwanza Kibiriti alianza kutokwa na udenda. Kisha kinywa kikanuka. Manyoya yake, aliyozoea kuyalamba kutwa, yakashikana kama brashi kuukuu. Akiwekewa chakula alinusa, akang'ata kidogo, halafu akapiga ukelele na kuruka nyuma kana kwamba sahani ndiyo iliyomwuma.

Majirani walikuwa na dawa, kama kawaida ya majirani. Mmoja alishauri nusu tembe ya Panadol. Mwingine alileta mafuta ya karafuu. Ni bahati kwamba binti alikataa yote mawili. Msomaji, ukisahau mengine yote ya makala haya, hili usilisahau: Panadol ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo kama ini la binadamu, damu yake hushindwa kubeba hewa, na tembe moja yatosha kumuua. Mafuta ya karafuu nayo, ambayo sisi hupaka jino likiuma, ni hatari kwake.

"Pesa ya kutibu paka itatoka kwa karo ya nani?" mama aliuliza. Mimi simlaumu. Alikuwa na salio la karo la kulipa, na mitumba mwezi huo haikutoka.

"Mama, nitasuka watu nywele kila Jumamosi mpaka nikulipe," binti akajibu.

Mama akakopa kidogo kwenye chama chake, na safari ikafungwa. Kibiriti alitiwa ndani ya kiondo, akafunikwa leso. Kutoka Olympic hadi Kabete si mbali, lakini hakuna njia iliyonyooka. Walipita Toi, wakatokea Barabara ya Ngong na kufika Dagoretti Corner, kisha wakapanda matatu ya Barabara ya Naivasha inayokatiza Kawangware, penye mikokoteni, mahindi ya kuchoma na honi zisizokoma. Kiondo kilipolia, abiria mmoja aliuliza ni kuku gani huyo mwenye sauti ya mtoto. Makanga, kwa kutokosa nafasi ya biashara, akadai nauli yake.

Baada ya Kawangware mtu huanza kuona miti. Upande wa Uthiru, ng'ambo ya barabara kuu iendayo Nakuru, ndiko iliko kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yenye kitivo cha tiba ya mifugo. Ng'ombe na mbuzi hutibiwa huko, lakini pia pana kliniki ya wanyama wadogo, ambapo wanafunzi hujifunza kazi wakiongozwa na walimu wao. Wakazi wengi wa Kibera hawana habari kwamba paka wa mtaani anaweza kupelekwa hapo kama yule wa Lavington.

Daktari alipofungua kinywa cha Kibiriti, fizi zilikuwa nyekundu kama nyanya mbivu, na wekundu umeingia ndani hadi karibu na koo. Paka mkubwa ana meno 30. Kama mtoto wa binadamu, huzaliwa bila meno, akaota ya utotoni 26, nayo hung'oka na kuacha nafasi kwa ya ukubwani kabla hajafikisha miezi saba hivi. Ukoga huwasumbua zaidi paka wazee. Kwa kijana kama huyu, aghalabu mwili wenyewe umekasirika: kinga yake inaushambulia ukoga kwa nguvu zinazopita kiasi, na fizi ndizo uwanja wa vita. Virusi vya mafua ya paka huchangia mara nyingi, na yafaa damu ipimwe ili kujua kama kuna virusi vinavyodhoofisha kinga.

Kwanza alilazwa usingizi, meno yakasafishwa, akapewa dawa. Wiki chache baadaye uvimbe ukarudi. Ndipo likaja neno lililomliza binti: kung'oa magego yote, ya mbele na ya nyuma, na kuacha chonge. Kwa maradhi haya ndiyo tiba yenye matumaini zaidi. Wengi wa paka waliong'olewa hupata nafuu kubwa, baadhi hupona kabisa. Waliobaki huendelea kuhitaji dawa. Hakuna daktari mkweli anayeapa.

Nyumbani kazi ilikuwa ya jikoni. Omena walichemshwa bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu nacho humdhuru paka, wakapondwa na supu yao hadi wakawa rojo, wakaliwa vuguvugu. Alilishwa kidogo kidogo mara nyingi, kwa kuwa paka akikaa siku mbili tatu bila kula ini lake huanza kuharibika. Siku ya tisa Kibiriti alilamba mguu wake wa mbele. Mama ndiye aliyeona kwanza, akamwita binti.

Sasa anakula omena laini bila kelele, na manyoya yanang'aa. Chonge zipo, basi panya bado anawaua. Kuwachanachana ndiko kunakomshinda, kwa hiyo huwaacha wazima mlangoni, wamepangwa, na mama huwafagia alfajiri kabla ya kwenda Toi.