Binti Akialikwa katika Chama cha Heshima, Tumwambie Nini?

Wiki hii tunazungumza juu ya jambo ambalo mara nyingi linatufikia kwa simu. Wengi wetu tuna watoto, wadogo zetu ao wapwa waliopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda. Leo wako Kentucky, Texas, Arizona, Iowa. Wanafanya kazi usiku na kusoma muchana. Kisha siku moja binti anatuma ujumbe: «Mama, chuo kimeniandikia barua. Wanasema niingie katika chama cha heshima, lakini kuna pesa ya kulipa. Nifanye nini?»

Jibu la mama lina uzito. Mama akisema «hao ni wezi, wanakudanganya», binti anaitupa barua. Akisema «uliza vizuri kwanza», binti anauliza. Kwa hiyo tumeona vema kueleza vyama hivyo ni nini, na kwa nini sisi katika shirika letu tunasema: binti akialikwa, aingie, na akiombwa kuongoza, asikatae.

Chama cha heshima ni chama cha wanafunzi waliofaulu vizuri. Mtu hajipeleki mwenyewe. Anaalikwa kwa sababu ya pointi zake. Cha zamani kuliko vyote ni Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa tarehe 5 Desemba 1776 na wanafunzi wa College of William & Mary, katika jimbo la Virginia. Karibu miaka mia moja kilikuwa cha wanaume tu. Wanawake wa kwanza walipokelewa mwaka 1875 katika Chuo Kikuu cha Vermont. Miaka miwili baadaye, chuo hicho hicho kilimpokea George Washington Henderson, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani. Ndiyo kusema, mlango ambao binti zetu wanapitia leo ulikuwa umefungwa, na kuna watu waliotangulia kuufungua.

Lakini wengi wa binti zetu wanaanzia katika vyuo vya miaka miwili, kwa sababu ada yake ni nafuu. Huko chama kinachojulikana sana ni Phi Theta Kappa. Kilianzia katika jimbo la Missouri mwaka 1918, kikiundwa na wakuu wa vyuo vya miaka miwili vya wanawake. Makao yake makuu yako Jackson, Mississippi. Kinasimama juu ya mambo manne: elimu, uongozi, huduma na undugu. Kwa kawaida mwanafunzi anaalikwa akiwa na pointi kama 3,5 juu ya 4, na kila tawi linaweka kiwango chake. Ada ya kuingia inalipwa mara moja, na tawi linaweza kuongeza kidogo. Sisi wa AVEC na likelemba hatuwezi kushangaa: hakuna chama kisicho na kotizasioni.

Faida ya kwanza ni bursi, yaani msaada wa kulipia masomo. Chuo cha miaka miwili ni nusu ya njia. Anayetaka digrii anahamia chuo kikuu kwa miaka mingine miwili, na hapo ndipo gharama inapanda na wengi wanaachia njiani. Vyuo vikuu vingi vya Marekani vimetenga bursi kwa ajili ya wanachama wa Phi Theta Kappa wanaohamia kwao. Bursi hizo hazimfuati mtu nyumbani. Lazima binti aandike maombi, na ayapeleke mbele ya tarehe ya mwisho. Mama, hata ukiwa mbali unaweza kumuuliza kila juma: «Umeshaandika?»

Faida ya pili ni kazi. Mwajiri anayesoma barua nyingi za watu asiowajua anatafuta alama ya kumwonyesha mwenye bidii. Hata serikali kuu ya Marekani inahesabu jambo hilo: kwa mwenye digrii ya kwanza, kuwa mwanachama wa chama cha heshima cha taifa kinachotambuliwa ni njia mojawapo ya kuanza katika kazi nyingi kwa ngazi ya 7 badala ya ngazi ya 5. Tofauti hiyo inaonekana katika mshahara.

Faida ya tatu haiandikwi katika barua, nayo ndiyo tuliyoiona kwa macho yetu. Binti wa mmoja wetu alifika Kentucky pamoja na shangazi yake. Usiku alikuwa anapanga mizigo katika depo, asubuhi anaingia darasani na macho mekundu. Hakuwa na rafiki hata mmoja chuoni. Alipoalikwa, mama yake alileta swali katika mkutano wetu, na tukabishana sana. Wengine walisema pesa hiyo afadhali inunue chakula. Mwishoni tulimwambia aende kwa mwalimu anayesimamia chama amuulize. Kumbe tawi lilikuwa na mfuko mdogo wa kusaidia wasioweza kulipa, na walimlipia nusu.

Katika muhula wa pili, shangazi aligonjwa na pesa ikapungua nyumbani. Binti aliamua kuacha masomo ili aongeze masaa ya kazi. Wenzake wa chama waliona kiti chake kitupu, wakamfuata. Mmoja alimwonyesha ofisi ya chuo inayosaidia wanafunzi wenye shida ya ghafla. Mwingine alimpa nota za masomo aliyokosa. Hakuacha. Tunajiuliza: kama angekuwa peke yake, nani angeona kiti kile?

Kisha wakamwomba awe sekretere. Akasema hapana, Kiingereza chake ni kibaya. Mwalimu akamjibu kwamba sekretere anajifunza kuandika kwa kuandika. Akakubali. Alijifunza kupanga ajenda, kuandika repoti, kuomba chumba cha mkutano, kupiga hesabu ya pesa ya kikundi na kuionyesha bila kuficha. Waliandika barua kwa maduka wakiomba chakula kwa ajili ya wanafunzi wenye njaa, kwa maana hata Marekani kuna mwanafunzi anayelala bila kula. Mwaka uliofuata walimchagua kuwa prezidenti. Siku alipoongea mbele ya walimu na wazazi, mikono ilikuwa inatetemeka, lakini alimaliza hotuba yake.

Alipoomba nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kikuu, alikuwa na kitu cha kueleza, na alikuwa na mwalimu anayemjua kwa matendo, siyo kwa pointi tu. Barua ya mwalimu yule ilimsaidia kupata bursi inayolipa sehemu kubwa ya ada. Alimwambia mama yake: «Mama, namna munavyoongoza mkutano wenu ndiyo namna tunavyofanya hapa. Nilikuwa ninakuona na ufunguo wa sanduku.» Mama yake alikuwa mmoja wa wanawake watatu wanaoshika funguo za sanduku letu lenye kufuli tatu. Hakufikiri kamwe kwamba mtoto alikuwa anasoma kutoka kwake.

Ndiyo maana tunasema kuongoza kuna faida kupita kuingia tu. Anayeingia na kukaa kimya anapata cheti na kamba ya dhahabu ya kuvaa siku ya kupewa diploma. Anayeongoza anajifunza kusimamia watu na pesa, na kusema hapana wakati inafaa. Mambo hayo atarudi nayo kazini, kanisani, na katika nyumba yake.

Tusifiche upande mwingine. Uongozi unakula wakati. Pointi zikianguka chini ya kiwango, binti anaweza kupoteza nafasi katika chama, kwa hiyo masomo yabaki mbele. Tena, wako watu wanaouza vyeti vya vyama ambavyo havina kazi yoyote. Kabla ya kutuma pesa, binti aulize mambo matatu. Je, chuo chake kinakijua chama hicho? Je, kuna tawi pale pale, lenye mikutano na mwalimu msimamizi? Je, wanachama wa zamani wanaonekana? Kuna pia muungano wa vyama vya heshima, uliopo tangu mwaka 1925, unaoweka masharti kwa vyama vinavyoingia ndani yake. Jibu likiwa hapana kwa maswali yote, barua hiyo iachwe.

Na binti zetu waliobaki hapa, katika vyuo vya Bukavu, Goma, Uvira na Lubumbashi? Huku hatuna desturi ya vyama kama hivyo, lakini uongozi upo. Kila promosioni inachagua CP wake. Mara ngapi tumesikia binti akisema «hiyo ni ya wanaume», na sisi mama tukanyamaza? Mwenye pointi nzuri aende kugombea. Akishindwa, atakuwa amejifunza kusimama mbele ya watu.

Katika shirika letu tumeamua kufungua daftari la binti waliopata distinksioni. Kila mmoja atapewa kazi: kufundisha watoto wa mtaa hesabu na Kifaransa siku za likizo, akisaidiwa na mama wawili watakaotafuta chumba na chaki. Atachagua wasaidizi wake mwenyewe, ataandika repoti, na ataisoma mbele yetu.

Basi katika mkutano ujao, kila mama aje na jina la binti yake, mdogo wake ao jirani yake. Na aliye na mtoto ng'ambo, ampigie simu juma hili amuulize kama kuna barua iliyofika na bado haijajibiwa.