Nyumba Mpya Katika Mtaa wa Zamani

Anayevuka kwa mashua kutoka Mokowe kwenda Lamu huona kwanza gati, punda na sehemu ya mji inayotazama bahari. Nyumba zenyewe hazioni. Mji huu, uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa sitara. Kuta za matumbawe hazifungui madirisha makubwa upande wa njia, na mgeni huishia dakani hadi aambiwe karibu. Uzuri umewekwa ndani: safu za vidaka, nakshi za chokaa, na kiwanda, yaani uwanja wa ndani usioezekwa, ambako mwanga na upepo hushukia.

Humo, katika kichochoro ambacho punda wawili hawapishani, shemeji yangu anamalizia nyumba ya binti yake. Tangu zamani wazee wa Lamu huwapa mabinti nyumba wanapoolewa. Wengine hupandisha ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, au huvusha chumba juu ya njia, nacho huitwa wikio, ili binti awafikie jamaa zake pasi na kushuka mtaani. Arusi ni Shaabani, inshallah. Nami niliitwa kutoka Mombasa kuitazama kazi, na kama nilivyotambua baada ya chai, kuhukumu pia.

Kazi yenyewe ni njema. Upana wa vyumba umeamuliwa na boriti, kama ilivyokuwa kwa mababu. Mti wa mkoko hauhimili sakafu nzito ukivuka kiasi cha mita 3, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Vijana walitaka kuta zipigwe saruji ili wahamie upesi. Mwashi, mzee asiyependa maneno, alikataa. Matumbawe yana chumvi, na chumvi hutafuta pa kutokea. Chokaa huipisha, saruji huifungia, na baada ya masika machache plasta hubanduka vipande vipande. Lakini chokaa hukauka kwa wakati wake, si kwa wakati wa kadi za arusi. Nilipoweka kiganja ukutani, chumba cha ndani kilikuwa kingali na unyevu.

Bustani imetangulia wenye nyumba. Nyuma ya kisima pamepandwa mkomamanga, mdimu, asumini na mirehani, nayo hunyweshwa maji ya udhu. Bwana arusi, kijana anayefanya kazi Muscat, alitamani nyasi kama alizoziona huko. Nyasi za Muscat zina maji yake. Hapa kwetu maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, na vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyotuhifadhia mvua. Ukichota kwa pupa, kisima hugeuka. Kwangu mimi, mkomamanga mmoja wenye kivuli ni bora kuliko nyasi za kutazamwa.

Lililoniitia lilikuwa dirisha la ghorofani. Kijana alituma fedha za kioo kipana, kutoka karibu na sakafu hadi juu, ili bibi arusi aamke akiiona bahari na Manda ng'ambo. Ni mandhari ya kumsahaulisha mtu dhiki zake. Lakini baina ya dirisha na bahari kuna kiwanda cha bibi mmoja mjane, ambamo hupika, hufua na hukaa kichwa wazi akichana nywele. Tundu lilipotobolewa, bibi hakulalamika kwa yeyote. Alifunga kamba akatundika kanga tatu, na tangu siku hiyo hupikia gizani.

Shemeji alinikumbusha kwamba ukuta ni wake na kioo kimekwisha lipiwa. Ni kweli. Nikamwambia kwamba umiliki wa ukuta haumpi mtu umiliki wa sitara ya jirani, na kwamba fiqhi haikuliacha jambo hili kwa hisani ya wenye nyumba: dhara huondolewa. Upande wa chini wa dirisha upandishwe kupita kimo cha mtu aliyesimama. Upepo utaingia, na mwanga pia. Bahari itaonekana kutoka darini, upande wa kaskazini, usiokuwa na kiwanda cha mtu.

"Wewe mwambie mkwe," akasema shemeji.

Nilimpigia simu jioni ile. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama kioo kitarudishwa. Muuzaji hapokei kilichokatwa kwa kipimo. Akasema, "Basi sawa, shekhe," kwa sauti ambayo haikuwa sawa.

Nilipoondoka, kioo kilikuwa dakani kimefungwa magunia, mwashi akisubiri chokaa ya kuzibia tundu, na kanga tatu zingali kambani.