Faneli, bati moja na kompyuta

Mlioniulizia wiki hii, nilikuwa maabara ya kompyuta nahangaika na faneli. Ndiyo, faneli. Kundi letu la mwaka wa tatu tunatengeneza mashine ndogo ya kusaga nafaka, na mimi nikaangukiwa na faneli ya kumwagia mahindi. Tulichangishana kwenye bumu tukanunua bati la chuma, futi 8 kwa 4, unene milimita 2. Moja tu! Bumu likishaliwa ndo basi, kwa hiyo mkasi haugusi bati mpaka pateni iwe sahihi.

Wale wa Sosholojia msikimbie, hii ni kama ushonaji. Mkono wa shati ni bomba, lakini fundi cherehani anaukata ukiwa bapa. Na sisi umbo tumeshalichora kwenye kompyuta likiwa limesimama, la duara na zuri. Sasa tunataka programu ilikunjue lilale chini, tupate mstari wa kukatia.

Unabonyeza kukunjua, inagoma. Jamaa kibao hapa ndipo wanapokata tamaa, kumbe mashine ina haki yake. Kwanza, donge la chuma halikunjuki. Lazima umbo liwe ganda lenye unene ule ule kila mahali. Pili, ganda lenyewe lisiwe limefungwa kuzunguka. Unalipasua mwanya mwembamba kutoka juu hadi chini, hata nusu milimita inatosha, ndiyo iwe mshono. Tena kingo zake zikatwe wima kwa uso wa bati, maana mkasi haukati mshazari. Ukitimiza hayo, unaionyesha programu ukingo ulionyooka wa kushikilia, inakunjua.

Faneli yetu ni pia iliyokatwa ncha. Kipenyo cha juu milimita 400, cha chini 100, kimo 200, vyote vimepimwa katikati ya unene wa bati. Ubavu wake unatoka 250 kamili (Pythagoras huyo, wa 3-4-5). Ikilala chini inakuwa kipande cha duara chenye nyuzi 216, upinde wa nje nusukipenyo 333.3 na wa ndani 83.3. Nilipiga hesabu kwa mkono kwanza, kompyuta ikaja na jibu lile lile. Raha yake hamuijui!

Nikaipeleka karatasi kwa mzee mmoja fundi bati karibu na chuo. Shikamoo, marahaba, akaiangalia kimya. Yeye anatumia bikari: anachora upinde mkubwa, anagawanya duara la mdomo mara 12, halafu anahamisha hatua hizo 12 juu ya upinde. Njia safi, ila hatua ya bikari hupita njia ya mkato badala ya kufuata mviringo. Kwa faneli yetu hatua 12 zinafika nyuzi 214.4 tu, yaani mdomo unapungua kama milimita 9. Nikamwambia kwa adabu. Akacheka: "Mwanangu, ndiyo maana mimi naacha kidole kimoja cha kupandishia." Kumbe analijua siku zote.

Halafu akaniuliza swali moja: "Hiyo kompyuta yako inapima bati kwa nje au kwa ndani?"

Hapo ndipo penye kazi. Chukua bomba la kipenyo cha nje milimita 300 kwa bati letu la 2. Mzingo wa nje ni 942.5, wa ndani 929.9. Tofauti inazidi milimita 12, na bati ni hilo hilo! Bati likikunjwa, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa, na mahali fulani katikati kuna mstari usiobadilika urefu. Huo ndio wa kukatia. Kwa mviringo mpana kama wetu unakaa karibu nusu ya unene, ndiyo maana tulipima katikati. Kwenye kona kali unasogea kuelekea ndani, na programu haiwezi kuubuni, inasubiri wewe uiambie. Dawa ni kukata ukanda wa majaribio, kuukunja, kuupima, na kurudi na namba. Sisi tulitumia chakavu cha yule mzee.

Kulikuwa na ugomvi mwingine, wa kifuniko. Mwenzetu mmoja alitaka kuba, nusu ya mpira, ati inapendeza. Pateni ya kuba haipo. Gauss, yule Mjerumani, alishathibitisha mwaka 1827 kwamba uso wa mpira haulali bapa bila kuvutwa au kuchanika. Ndiyo maana kwenye ramani ya Mercator ya 1569 Greenland inakaribia kulingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kama mara 14. Programu nyingine hukupa pateni ya kukadiria, zikionyesha kwa rangi wapi chuma kitavutika. Lakini kukivuta ni kazi ya nyundo au mashine ya kukandamizia, na sisi hatuna.

Tulibishana mpaka saa nne usiku. Nikakata duara la karatasi, nikaondoa kipande chembamba kama cha keki, nikakutanisha kingo: kifuniko cha pia fupi hicho hapo. Kura zikawa nne kwa moja.

Tunakata Ijumaa. Alamsiki wadau, foleni ya wali maharage inaniita.