Mvua Haimngoji Mgonjwa

Mwezi huu nakuomba ufunge mzigo mdogo, tusafiri pamoja. Hatuendi mbali. Tunatoka Likasi, tunaacha nyuma moshi wa Shituru, tunashika njia ya kaskazini, upande wa Bunkeya.

Wakati wa mvua njia ile inaomba uvumilivu. Kamioni linakwama, watu wanashuka, wanasukuma, wanapanda tena na matope mpaka magotini. Utakutana na vijana wanaosukuma kinga zenye mifuko ya makala, wakienda kuuza mjini. Kando ya njia ni pori, halafu mashamba ya mahindi na mihogo, halafu pori tena. Bunkeya yenyewe ilikuwa makao ya Msiri, aliyetoka upande wa Tanzania ya leo na kuwa mfalme wa Bayeke, mpaka alipouawa mwaka 1891. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika kwake mwaka 1886, baada ya safari ndefu kutoka pwani ya Benguela. Watu wa huku wamezoea wageni tangu zamani.

Lakini sisi hatufiki Bunkeya leo. Tunashuka katika kijiji kimoja kando ya njia. Jina lake naliacha, sababu shida ya nyumba ya mtu si ya kutangaza.

Nilifika pale mara ya kwanza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Niliambiwa kwamba kuna ndugu wa kanisa letu aliyeanguka na kinga ya makala kwenye mteremko, mguu ukavunjika. Mke wake alikuwa amejifungua kwa opereshoni, mtoto hajamaliza hata mwezi. Basi nyumba moja, watu wawili wa kulima, na hakuna hata mmoja aliyeweza kushika jembe. Nilifanya kama tunavyofanya sisi wachungaji. Nilisoma Neno, niliomba, nilitoa mfuko wa unga uliotoka kwa bamama wa kanisa. Moyoni nilijiona nimemaliza kazi.

Mama yule alishukuru sana. Halafu akasema kwa sauti ndogo: «Pasta, bunga ile tutakula, itaisha. Sasa mvua iko nanyesha, na mutu wa kulima hakuna. Mwaka yenye kuya tutakula nini?»

Mume wake, amelala kwenye mkeka, akaongeza: «Mguu inaniuma, lakini kusikia majembe ya benzangu asubuyi njo inaniuma zaidi.»

Msomaji, maneno hayo yalinifunga kinywa. Wewe uliyekua kijijini unajua sababu. Kwetu Katanga mvua zinaanza karibu na mwezi wa kumi au wa kumi na moja, zinaisha mwezi wa nne. Mahindi yanataka kupandwa na mvua za kwanza. Ukichelewa, kila wiki inakula sehemu ya mavuno. Tena mwezi wa kwanza majani yanapokua na kutaka kupaliliwa, ndipo malaria inapozidi, ndipo na gala inapokuwa tupu. Kazi, homa na njaa vinafika siku moja. Mguu uliovunjika unaomba miezi ya kupumzika, na aliyepasuliwa tumbo anaomba wiki nyingi bila kuinua kitu kizito. Daktari anasema ngoja. Mvua haisemi ngoja.

Niliahidi kurudi na vijana. Lakini kulikuwa na mkutano wa kanisa, kisha tulitafuta usafiri, kisha kamioni likaharibika. Wiki tatu zikapita. Tulipofika, watu 17 na majembe yetu, tulikuta kona moja ya shamba, ile ya karibu na nyumba, tayari imeota kijani. Nani alipanda? Bamama watatu wa jirani. Kila mmoja alipomaliza kwake jioni, alipita pale akalima mistari michache. Hakuna aliyewaagiza. Hakuna aliyewapiga picha.

Sisi tulilima siku mbili, tukapanda mistari ya sentimeta 75, kama mwenye shamba alivyotaka. Alibebwa kwenye kiti mpaka chini ya mwembe, na kutoka pale alituongoza. Jambo hili usilisahau: mgonjwa ameumia mguu, hakuumia akili. Shamba ni lake. Tulileta pia bukari yetu, samaki na chumvi, sababu msaada unaokula chakula cha mgonjwa ni msiba wa pili. Na tulirudi mwezi wa kwanza kupalilia, maana kupanda bila kupalilia ni kulisha majani.

Kijana mmoja, jasho likimtiririka, aliniuliza: «Pasta, hii si Salongo?» Wazee walicheka. Wao wanaikumbuka Salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya lazima, ambapo aliyekosa kuja aliogopa adhabu. Mzee mmoja akamjibu: «Salongo ulikwenda sababu ya woga. Hapa umekuya sababu ya ndugu.» Jembe ni lile lile, jasho ni lile lile, lakini moyo si ule.

Wala usifikiri ni jambo la watu maskini tu. Marekani, katika jimbo la North Dakota, kuna shirika linaloitwa Farm Rescue, lililoanzishwa mwaka 2005 na rubani wa ndege za mizigo, mtoto wa mkulima. Watu wa kujitolea wanakuja na trakta na mashine, wanapanda au kuvuna kwa jamaa iliyopigwa na ugonjwa, ajali au maafa. Hata mwenye trakta anaweza kulala hospitalini wakati wa kupanda, na hata kule majira hayangoji.

Labda wewe uko Kolwezi au Kipushi, unasema: mimi ni mtoto wa mgodi, mambo ya jembe hayanihusu. Kumbuka kidogo. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na miaka iliyofuata miji yetu ilijua njaa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Uliza wazazi wako ni shamba gani liliwalisha siku zile. Na unga unaosonga leo, nani aliulima?

Mwezi wa tano nilirudi kuona mavuno. Ndugu yule alitembea kwa fimbo, akanishika mkono, akanipeleka shambani. Kwenye kona ya bamama watatu mahindi yalikuwa makubwa, yamejaa punje mpaka nchani. Kwenye sehemu yetu, iliyo kubwa zaidi, mahindi yalikuwa madogo, mengine nusu tupu. Yeye alishukuru kwa yote, na nyumba ilipata kula. Lakini mimi niliona wiki zangu tatu zimesimama pale katika mistari, mtu angeweza kuzihesabu.

Katika Marko sura ya 2, watu wanne walimbeba mwenye kupooza. Walipoona mlango umezibwa hawakurudi nyumbani kungoja siku nyingine, walipanda juu ya nyumba siku ile ile. Basi, ndugu kijana, mama, baba, kabla ya mvua ijayo pita katika mtaa wako na ujue ni nyumba gani yenye mgonjwa, na shamba lake liko wapi. Usimngoje pasta. Anza na mistari michache, jioni hii.