Kuijenga Git kwa mkono

Mimi na mwenzangu tulikuwa tukiandika programu ya mradi wa mwisho kwa flashi moja. Yeye anakaa Buyenzi, mimi Kamenge. Jioni ananipa flashi, asubuhi namrudishia. Siku moja niliifuta kazi yake ya juma zima kwa kuweka juu yake faili langu la zamani. Eti lilikuwa na jina "mwisho_kabisa". Hakunifokea. Alinyamaza tu, na hilo liliniuma zaidi.

Ndipo nikaikumbuka Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 ili waandishi wa Linux watunze kila badiliko. Kompyuta za maabara zilidai nywila ya msimamizi, nasi hatukuwa nayo. Nikapakua msimbo chanzo kwa bando la simu, niujenge ndani ya folda yangu, pasipohitaji ruhusa ya mtu.

Amri ya make ilianza, ikagoma: haioni zlib.h. Git hubana kila inachohifadhi kwa zlib, hivyo bila hiyo hakuna safari. Nikaipakua nayo, nikaijenga, nikaanza upya. Mistari ikawa inashuka kwenye skrini, faili baada ya faili, mara umeme ukakatika. Nilidhani nimerudi sifuri. Kumbe make hutazama kilichokwisha kutengenezwa, ikaendelea na kilichobaki.

Git ikaitika. Nilifurahi dakika kumi hivi, hadi nilipojaribu kuvuta mradi kutoka intaneti: haikuijua https! Wakati wa kujenga, curl haikuwapo. Configure ilikuwa imesema hivyo katikati ya mistari mingi, ila mimi sikusoma. Na bando lilikuwa limekwisha.

Nikamweleza mwenzangu kwa aibu. Akauliza, "Sasa ndugu yangu, hiyo https sisi tunaitakia nini?"

Kweli. Hazina ya Git yaweza kukaa katika folda yoyote, hata kwenye flashi. Tukaiweka humo, kila mmoja akabaki na nakala kamili, pamoja na historia yake yote.

Jioni ya kwanza nilipotaka kusukuma kazi yangu, Git ilikataa: kulikuwa na kazi ya mwenzangu ambayo sikuwa nayo, sharti niichukue kwanza. Nikampigia simu, nikamsomea ujumbe ule. Alicheka sana, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.