Gitaa lililowakosanisha babu na mjukuu

Kwa miezi mitano baba yangu na mwanangu wa kwanza hawakusalimiana. Walilala katika boma moja na kula ugali wa sufuria moja, lakini mmoja akiingia sebuleni mwingine hutoka. Kilichowakosanisha ni gitaa.

Nawasimulia wasomaji kisa hiki kwa sababu najua si nyumba yangu pekee yenye mambo haya. Baba amekuwa mzee wa kanisa tangu nikiwa mtoto. Mwanangu ni kiongozi wa vijana katika kanisa hilo hilo. Vijana walichanga pesa wakanunua gitaa, ngoma mbili na spika. Jumapili ya kwanza walipovipiga, baba alichukua kofia na bakora yake akatoka nje katikati ya wimbo.

Jioni alisema maneno ambayo nimeyasikia maisha yangu yote: "Hivi sivyo tulivyopokezwa. Wazungu walioleta Injili Rabai hawakupiga ngoma." Kijana naye, ulimi hauna mfupa, akajibu kwamba Wazungu hao walikufa zamani na hakuna haja ya kulizika kanisa pamoja nao.

Nilimkemea kijana pale pale. Lakini usiku usingizi ulinipaa. Je, mzee anayajua hayo ya kale anayoyatetea? Na mimi je? Nilikuwa nikilijua jina la Krapf, basi. Kesho yake nikaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, nikaazima vitabu.

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe, Rosina, pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka wa 1846 yeye na Johannes Rebmann wakafungua kituo Rabai. Msidhani watu walimiminika. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, naye alibatizwa akiwa karibu kukata roho. Rebmann alikaa hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu na waumini wakiwa wachache mno. Naijua kamati yetu ya fedha. Ingemfuta kazi mwaka wa pili.

Aliyenishika moyo hasa ni mtu ambaye sikuwahi kumsikia akitajwa kwenye mimbari yetu. Jina lake William Jones, Mwafrika aliyeokolewa kutoka utumwani, akapelekwa India kusomeshwa, kisha akaletwa pwani yetu mwaka wa 1864 kufanya kazi ya kanisa. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington alimtawaza kuwa shemasi, yeye na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huo huo Jones alisafiri na askofu huyo kuelekea Uganda. Hannington alipouawa huko Busoga, Jones ndiye aliyeongoza msafara uliosalia ukarudi Rabai.

Halafu kuna habari ya watumwa. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai, na Jones aliwapokea. Mwaka wa 1888 wenye mashamba walikuja juu wakidai mali yao, na hata baadhi ya wakubwa wa kanisa waliingiwa na hofu. Mwishowe George Mackenzie, wa kampuni ya Imperial British East Africa, alilipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru wao.

Nakiri kwamba nilipomsomea baba hayo nilitaka kumshinda. Nilitaka aone kuwa kale yake ni kipande tu, kile kipande cha miaka yake ya shule, ambacho mtu akikishikilia sana hudhani ndicho kitambaa kizima. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Huyo Jones alikuwa Mwafrika?" akauliza.

"Mwafrika, baba. Tena aliyewahi kuwa mtumwa."

Alinyamaza kwa muda mrefu. "Shuleni tulifundishwa Krapf na mlima Kenya tu," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyegundua ameibiwa kitu miaka mingi iliyopita. Ile hamu yangu ya kumshinda ilinitoka, nikaona haya.

Sikujua kwamba kijana alikuwa barazani akisikiliza. Yeye ambaye husema historia ni habari za Wazungu waliokufa alichungulia mlangoni akauliza, "Babu, watu elfu moja na mia nne walilala wapi pale Rabai?"

Babu mtu akafungua macho. "Twende nikakuonyeshe palivyo, kisha uniambie wewe."

Jumamosi walipanda matatu wawili hao, mimi sikualikwa. Waliona nyumba za Krapf na Rebmann na makumbusho. Walirudi magharibi wakibishana kuhusu maji: watu wale wote walichota wapi? Ubishi huo haujaisha hadi leo.

Gitaa baba halipendi bado. Jumapili iliyopita alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, bakora mapajani, hadi ibada ikaisha. Tulipotoka aliniinamia akaninong'oneza, kwa mnong'ono wake ambao husikika hadi barabarani: "Ubeti wa tatu kijana amekosea."