Ukubwa wa Kioo na Nguvu za Mkono

Mshika mawili moja humponyoka. Methali hii tuliifundisha miaka mingi kuwaonya watoto juu ya tamaa, lakini siku hizi naiona ikiwafaa zaidi watengenezaji wa vishikwambi. Wao hutaka kutupa kioo kikubwa cha kusomea na papo hapo kifaa chepesi cha kubeba. Mambo hayo mawili hayakai pamoja kwa urahisi, na msomaji asidhani kuwa ni suala la vijana peke yao. Kwetu sisi wazee ni suala la kusoma au kutosoma.

Ubishi huu una historia. Mwaka 2005 kampuni ya Nokia ya Ufini ilitoa kifaa cha intaneti kilichoitwa Nokia 770. Hakikuwa simu. Kioo chake kilikuwa cha inchi 4.1, nacho kiliingia mfukoni bila taabu. Ila kurasa za intaneti za wakati huo zilipangwa kwa ajili ya kompyuta za mezani, kwa hiyo maandishi yalionekana kama mbegu za mchicha. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ikaleta iPad yenye kioo cha inchi 9.7 na uzito wa gramu 680. Ukurasa ukaonekana vizuri, lakini mfuko ukasahauliwa. Mwaka huohuo Steve Jobs, mkuu wa kampuni hiyo, alitamka hadharani kwamba vishikwambi vya inchi 7 ni vidogo mno. Alifariki mwaka 2011, na mwaka uliofuata kampuni yake mwenyewe ikauza iPad mini ya inchi 7.9.

Hebu tupige hesabu kidogo. Inchi za kioo hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Mtu akisikia 7.9 na 9.7 hudhani tofauti ni ndogo. Lakini vioo vikiwa na umbo moja, eneo hufuata kipeo cha pili cha mshazari: 7.9 mara 7.9 ni kama 62, na 9.7 mara 9.7 ni kama 94. Kwa hiyo kile kidogo kina theluthi mbili tu za eneo la kile kikubwa. Uzito wake, hata hivyo, ulikuwa gramu 308, yaani chini ya nusu. Macho yalipoteza theluthi moja, mkono ukapunguziwa zaidi ya nusu ya mzigo.

Je, hasara ile ni kubwa kiasi gani? Hapo inategemea jicho la nani. Mtoto akiona herufi ni ndogo hukileta kifaa karibu na uso, na herufi zikawa kubwa machoni pake. Mtu aliyevuka miaka arobaini hawezi, kwa kuwa lenzi ya jicho lake imeanza kukakamaa na vitu vya karibu humpotea. Yeye hukisogeza kifaa mbali, na kadiri kinavyokwenda mbali ndivyo herufi zinavyozidi kuwa ndogo. Kioo kilekile ni kikubwa kwa mjukuu na kidogo kwa babu.

Nimelitafakari jambo hili kwa sababu ya mwalimu mwenzangu, rafiki wa miaka mingi, aliyepatwa na kiharusi. Mkono wa kushoto hauna nguvu tena, na macho yake ni ya mzee kama yangu. Mtu huyu alisoma gazeti kila siku ya maisha yake ya kazi. Nilipokuwa nikimsomea alinisikiliza kwa adabu, kisha siku moja akaniambia, "Mwalimu, nakushukuru, lakini nataka kusoma mwenyewe."

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu nchini Tanzania, na tangu hapo vifaa hivi havikuwa vigeni katika mazungumzo yetu. Watoto wake wakamletea viwili ajaribu, kimoja cha inchi 10 na kimoja cha inchi 8. Kile kikubwa kilimpendeza mno. Alisoma ukurasa mzima akitabasamu. Lakini kila mara ilibidi mtu amwekee mto, akiegemeze, na kukiinua kilipoteleza. Alipobaki peke yake hakuweza kukishika hata dakika tano.

Kile kidogo alikimudu kwa mkono mmoja, na kidole gumba kikafika kwenye ukingo wa kufungulia ukurasa. Tuliongeza ukubwa wa herufi. Hapa ifahamike kwamba maandishi ni ya namna mbili: yapo yaliyo kama picha ya ukurasa, ambayo ukiyakuza hutoka nje ya kioo na kukulazimu kuyafukuza kushoto na kulia, na yapo yanayojipanga upya mistari inapojaa. Tulimtafutia haya ya pili. Kioo chake sasa huonyesha mistari michache tu kwa mara moja, naye hufungua kurasa nyingi kupita mtu mwingine yeyote ninayemjua. Halalamiki. Juzi alinieleza habari ambayo mimi nilikuwa sijaisoma.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda dukani kumnunulia mzazi wako kishikwambi, usiulize tu kina inchi ngapi. Jiulize nani atakishika, ameketi au amelala, kwa mkono mmoja au miwili, na atasoma nini. Kama inawezekana, nenda naye. Mpe akishike robo saa nzima, maana dakika mbili za dukani kila kifaa ni chepesi. Muuzaji akikuharakisha, mwambie asubiri. Atakayeishi na mzigo huo ni mzee wako.